Deiwaka: kwa nini simu haiiti mara ya pili



Vijana watatu wa hapa Kilosa, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali ambalo kimsingi ni moja. Wanapiga vyombo vizuri tu. Mmoja gitaa kajifunza kwa kuangalia YouTube, wawili wametokea kwenye kwaya. Wakiitwa kupiga na bendi Mikumi, au harusini Kimamba, wanaenda, wanapiga, wanalipwa. Halafu kimya. Wiki mbili baadaye wanasikia bendi ile ile imemchukua mtu mwingine ambaye, kwa maneno yao, hata hawafikii. Mmoja wao ameshaanza kuamini kuna mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu hapo. Ni adabu ya bendi, na ubaya wake ni kwamba haijaandikwa popote. Ukiivunja wala hawakugombezi. Wanakulipa chako, wanakuambia "asante sana kaka, tutawasiliana," na ndo mwisho. Ndiyo maana leo nimeona nikae niandike, kwa faida ya hao watatu na wengine ambao wanaogopa kuuliza.

Mimi napiga besi. Nimekaa kwenye bendi mbili za kudumu, na deiwaka nimepiga nyingi kuliko ninavyokumbuka, kuanzia Kilosa mjini, Kimamba, Mikumi, mpaka Ruaha na Kidatu kule kwenye sukari siku za mshahara. Hata Ulaya nimepiga. (Wa Dar msishangae, Ulaya ni kijiji chetu, kipo njiani ukitoka Kilosa kwenda Mikumi. Kuna jamaa anakitumia kwenye wasifu wake mpaka leo.)

Kwa asiyejua: deiwaka ni mwanamuziki anayeitwa kwa siku. Unapigia bendi isiyo yako, unalipwa usiku ule ule, kesho kila mtu na hamsini zake. Neno ni lile lile la madereva na makonda wa daladala. Siku hizi karibu bendi zote za mikoani zinaishi kwa deiwaka, kwa sababu hakuna mwenye uwezo wa kulipa watu wanane mshahara wa mwezi.

Na msidhani hili ni la Tanzania tu. Mwaka 1904 kule London kulikuwa na okestra kubwa ya Queen's Hall, kiongozi wake Henry Wood. Wanamuziki wake walikuwa na mchezo: mtu akipata kazi yenye hela zaidi mahali pengine, anatuma mwenzake akae kwenye kiti chake. Leo kwenye mazoezi anakuja huyu, kesho kwenye onyesho anakuja yule ambaye mazoezini hakuwepo. Wood akachoka, akapiga marufuku watu wa badala. Matokeo yake wanamuziki wapatao 40 wakaondoka kwa mpigo, wakaunda okestra yao wenyewe, London Symphony Orchestra, ambayo mpaka leo ipo na inamilikiwa na wanamuziki wenyewe. Mimi katika ugomvi ule naona kila upande ulikuwa na haki yake. Mwanamuziki ana watoto, hawezi kuikataa hela. Kiongozi naye hawezi kupanga muziki na watu asiowajua.

Sasa turudi Mikumi. Ugomvi ule ule unaanza pale unapopokea simu.

Kiongozi wa bendi akikupigia Jumanne akasema Jumamosi tuna kazi, ukajibu "poa, nipo", hapo mkataba umeshafungwa. Hamna karatasi, hamna sahihi, lakini yeye ameshaacha kutafuta mtu. Alhamisi ikitokea harusi Morogoro yenye mshiko mara mbili, we ndo utapimwa hapo. Ukizima simu umeisha. Ukituma rafiki yako aende bila kumwambia kiongozi umeisha vile vile, hata kama huyo rafiki anapiga kuliko wewe. Utaratibu ni huu: unampigia mapema, unamweleza ukweli, unamtajia mtu, halafu YEYE ndiye anaamua. Akisema hapana, unakwenda Mikumi na harusi ya Morogoro unaiacha. Inauma, najua.

Kwenye simu hiyo hiyo uliza mambo yote. Malipo ni kiasi gani na yanatolewa lini. Nauli ya nani. Chakula kipo au unakula kwako. Mavazi gani. Nyimbo zipi na zinapigwa kwenye ufunguo gani, maana waimbaji hawafanani, wimbo uleule huyu anauimba kwenye G na yule anaushusha mpaka E. Vijana wengi wanaona aibu kuuliza hela, wanasema "tutaelewana tu kaka". Halafu saa tisa usiku wanapewa bahasha, wananuna. Kuuliza bei Jumanne hakuna anayekuona mkorofi. Ila ukiibishania usiku ule mbele ya wenzako, huku wanakunja nyaya, hapo ndo unaonekana mkorofi, hata kama umedhulumiwa kweli.

Siku ya kazi, fika kabla ya vyombo kufungwa. Ukiambiwa muziki unaanza saa mbili usiku, wewe unatakiwa saa kumi na moja jioni. Salimia watu wote, na ninaposema wote namaanisha na fundi mitambo na yule kijana anayebeba spika. Wazee wape shikamoo yao. Kuna wapiga magitaa wa zamani hapa wilayani ambao sasa hivi wanapiga ridhimu tu nyuma kabisa, hata hawatazamwi, na kijana anaingia anampita kama kiti. Asichojua ni kwamba kiongozi, kabla hajampigia mtu simu, humuuliza kwanza mzee huyo. Fundi mitambo naye anashika sauti yako mkononi usiku mzima. Sitaongeza hapo.

Vyombo usivyokuja navyo usivishike. Hili lina historia yake, na ukiijua utaelewa kwa nini watu wanakuwa wakali. Bendi zetu za miaka ile nyingi zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndiyo ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo tunaiita Msondo. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park. Urafiki walikuwa na bendi ya kiwanda cha nguo. Iringa kulikuwa na Tancut Almasi, ya kiwanda cha kukata almasi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa alilopiga lilikuwa mali ya mwajiri kama vile taipureta ya karani. Mashirika yakaondoka, vikabaki vyombo mikononi mwa watu binafsi. Leo mwenye vyombo mara nyingi ndiye mwenye bendi, na amplifaya moja ikiungua hakuna shirika la kununua nyingine. Kwa hiyo ukigeuza vitufe vya amplifaya ya mtu bila kumuuliza, au ukaweka chupa ya bia juu yake, unachezea mtaji wote wa familia fulani. Njoo na waya wako, na nyuzi zako za akiba. Mpiga gitaa anayeomba waya kila kazi watu wanamkumbuka, ila si kwa uzuri.

Kutyuni. Kwenye okestra za Ulaya (ile nyingine sasa) kuna ustaarabu mmoja naupenda sana. Kabla ya muziki, mpiga obo anatoa noti ya A, kiongozi wa vayolini anaipokea, kisha wengine wote wanatyuni kwa noti ile. Hakuna anayejionyesha wakati huo. Kwetu sisi kama bendi ina kinanda, basi kinanda ndicho mwenye nyumba kwa sababu chenyewe hakilegei nyuzi. Omba noti moja, tyuni kimya kimya, zima sauti, subiri. Huku kwetu ndipo kijana anapoanza kuchapa solo zote anazozijua, mwenzake anajaribu ngoma, mwimbaji anasema "moja mbili, moja mbili" na fundi mitambo hasikii kitu. Muda wa kupima vyombo ni wa fundi. Piga unapoambiwa, nyamaza unapoambiwa.

Sasa tufike jukwaani, na hapa nitakaa kidogo.

Sikilizeni bendi ya zamani yenye magitaa matatu na besi. Solo, solo la pili, ridhimu, na besi chini. Mkiisikiliza Mlimani Park ya miaka ya themanini mtaona hakuna gitaa linalopiga muda wote. Moja linasema, lingine linajibu, la tatu linashikilia. Hiyo ni adabu kabisa, siyo ufundi tu: kila mmoja amekubali kuacha nafasi tupu ambayo angeweza kuijaza. Vijana wa kinanda waliotoka kwaya wana shida hapa, na si kosa lao. Kanisani kinanda kinabeba kila kitu peke yake, mkono wa kushoto besi, mkono wa kulia nyimbo. Akija kwenye bendi anaendelea hivyo hivyo. Mkono wake wa kushoto unanikanyaga mimi mwenye besi, wa kulia unamkanyaga mwimbaji. Mara ya kwanza nilipofanya kazi na kijana wa namna hiyo nilimnong'oneza wakati wa mapumziko, "mdogo wangu, mkono wa kushoto upe likizo." Akacheka, akafanya hivyo, na mpaka leo ndiye mpiga kinanda anayeitwa kuliko wote hapa wilayani.

Halafu kuna vita ya sauti. Inaanza hivi: mpiga solo anaona hajisikii, anapandisha kidogo. Besi naye anapandisha. Mpiga drums hana kitufe, kwa hiyo anapiga kwa nguvu zaidi. Mwimbaji sasa hajisikii kabisa, anaanza kupiga kelele. Saa sita usiku koo lake limekwisha na kesho ana kazi nyingine. Wateja nao wanahamia meza za nje, kwa sababu hawawezi kuongea, na mwenye baa anaangalia meza tupu anafanya hesabu yake. Yote hayo yameletwa na mtu mmoja aliyegusa kitufe kimoja. Kama hujisikii, muonyeshe fundi mitambo kwa kidole. Ndiyo kazi yake.

Mwenzako akikosea, usimtazame. Naomba mlishike hili. Wateja hawajui kama noti imekosewa. Wanajua pale wapiga vyombo wanne wanapogeuza shingo kumwangalia wa tano. Na usitikise kichwa, usicheke. Kama kuna la kusema lisemwe kwenye mazoezi au njiani, na liseme kiongozi. Deiwaka hasahihishi mwenyeji hata siku moja. Unaweza kuwa na haki kabisa kwamba ule wimbo unaingia kiitikio baada ya mara nne na wao wanaingia baada ya mara tatu. Usiku huo wimbo una mara tatu.

Kiongozi ndiye anayeamua wimbo unaingia lini kwenye sebene na unakatika lini. Wengine wananyanyua mkono, wengine wanageuka tu, wengine anayetoa ishara ni mpiga drums kwa mlio fulani. Uliza ishara zao kabla. Halafu muda wote jicho moja liwe kwa kiongozi. Hiki ndicho kinachowaangusha hawa wa YouTube, maana wamejifunza wakiwa wamekodolea macho vidole vyao, hawajawahi kupiga huku wanamtazama mtu. Na ukipewa nafasi ya solo, ichukue, sema ulichonacho, irudishe. Ukiona kiongozi amekutazama mara mbili, muda wako umekwisha, hata kama dada mmoja mbele anakushangilia.

Simu ikae mfukoni. Usitafune. Maji sawa. Bia, kila bendi ina sheria yake. Mimi msimamo wangu ni kwamba jukwaani hapana, baada ya kazi ni juu yako. Wapo wataopinga, wataje majina ya wakongwe waliokunywa na wakapiga vizuri. Ni kweli walikuwepo. Walikuwepo pia wengi waliokunywa na hamuwajui.

Mkipiga kopi, yaani wimbo wa bendi nyingine, taja mwenyewe. "Huu ni wa Morogoro Jazz," "huu wa Cuban Marimba." Haigharimu kitu, na sisi watu wa mkoa huu tuna deni na hao. Bendi hizo mbili zilishindana pale Morogoro mjini mpaka mashabiki wakagawanyika kama Simba na Yanga. Na kwa wimbo wenu wenyewe, siku mnapoutunga mazoezini, andikeni nani katunga maneno, nani katunga muziki, tarehe, kila mtu asaini, hata kwenye daftari la mazoezi. Sheria ya hakimiliki ipo tangu mwaka 1999 na COSOTA wapo. Watunzi wengi wa zamani walipata majina, hela hawakuipata, na familia zao zinabishana hadi leo wimbo ulikuwa wa marehemu au wa bendi.

Hela ya kutunzwa. Eeh, hapa ndipo urafiki unapofia. Mteja amefurahi, anapanda, anambandika mwimbaji noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. Ni ya nani? Kuna bendi ambazo aliyebandikwa ndiyo yake. Kuna bendi zina bakuli, kila kitu kinaingia mle, mwisho wanagawana sawa, na fundi mitambo yumo. Kuna nyingine nusu kwa nusu. Zote ni halali ilimradi zinajulikana kabla. Mimi napendelea bakuli, kwa sababu mpiga besi hakuna anayemtunza, nakiri nina maslahi. Lakini pia nimeona kwenye bendi zisizo na bakuli waimbaji wanaanza kurefusha nyimbo za kutaja majina ya matajiri, wimbo unakwenda dakika ishirini, wapiga vyombo wamechoka mikono, na hela yote inaingia kwenye mfuko mmoja. Wewe deiwaka uliza mapema. Na kama ni bakuli, weka YOTE, mbele ya watu.

Nije kwenye jambo zito zaidi, ambalo nimeliona kwa macho Mikumi. Mikumi ni mji wa njia panda, barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapita pale, magari makubwa yanalala, wageni wa hifadhini wanalala. Kwa hiyo hoteli na baa zenye uwezo wa kuita bendi zipo, ila siyo nyingi. Kazi ya kudumu ya kila Jumamosi ni dhahabu. Kuna bendi ya watu saba ilikuwa nayo kazi kama hiyo kwenye hoteli moja. Wakamchukua kijana wa kinanda deiwaka. Wakati wa mapumziko kijana akaenda kukaa na mwenye hoteli, wakaongea, akaacha namba yake. Wiki mbili zilizofuata bendi ikaambiwa ipumzike kidogo. Kijana akawa anapiga peke yake, kinanda chenye midundo ya kurekodi, kwa bei ambayo ni chini ya nusu. Watu saba wakakosa Jumamosi zao. Mmoja alikuwa analipia ada ya mtoto kwa hela ile. Baada ya miezi kadhaa wateja wakachoka kusikia midundo ile ile, na mwenye hoteli akagundua flashi yenye nyimbo ni rahisi kuliko kijana. Kijana akarudi kutafuta bendi. Hakuna aliyemtukana. Ila kutoka Kilosa mpaka Kidatu kila aliyempigia simu alikuwa "amejaa".

Kwa hiyo: kazi ni ya aliyekuita. Mwenye sherehe akikufuata akasema "nipe namba yako", unamjibu kwa heshima, "mzee, namba ya kiongozi wetu hii hapa." Akikuuliza mnatoza kiasi gani, hujui. Malipo unapokea kwa kiongozi, siyo kwa bwana harusi. Kama kiongozi amekudhulumu, malizana naye kesho yake mchana, wawili tu, na kama haleti chako usimpigie tena. Lakini usiende kuichukua kazi yake mlangoni kwa mteja.

Na mkishamaliza kazi, hamjamaliza. Kunja nyaya. Beba spika. Deiwaka anayepokea bahasha na kupanda bodaboda wakati wenzake wanabeba vyombo, huyo hata awe na vidole vya dhahabu. Mkisafiri usiku, msimwache dereva peke yake macho, mmoja akae mbele aongee naye, kwa zamu. Hili nalihesabu kwenye adabu kwa sababu muziki wa mkoa huu umezikwa na barabara mara mbili: Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Ukitoka Mikumi kwenda Morogoro saa tisa usiku unakatiza hifadhi kilomita kama 50, na tembo hana taa za nyuma. Mwimbaji anayemharakisha dereva ili awahi nyumbani anyamazishwe na mdogo kuliko wote kwenye gari, hapo cheo hakuna.

Mwisho niseme kuhusu kuondoka, kwa wale mtakaobahatika kupata bendi ya kudumu. Kuhama bendi siyo dhambi. Muziki wetu wa dansi umejengwa na watu waliohama. Mlimani Park yenyewe ilianza kwa kukusanya watu kutoka bendi nyingine: kina Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Cosmas Chidumule walitokea Dar International, Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walitokea Juwata. Mwaka 1985 tajiri Hugo Kisima naye akaja kuchukua Mlimani Park kina Gurumo na Abel, akaunda International Orchestra Safari Sound, mashabiki wakaiita Ndekule. Hapo nyuma alikuwa na Orchestra Safari Sound ya Ndala Kasheba, akaivunja. Fikiria wale wa bendi iliyovunjwa, walivyoamka siku ile. Hapa Morogoro, Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na kwa maoni yangu Morogoro Jazz haikurudi kuwa ile. Cuban Marimba, kwa upande wake, ilimpoteza Salum Abdallah mwenyewe, mwanzilishi, ikaendelea na Juma Kilaza akiongoza.

Sasa mtazameni Gurumo tena. Alihama, alirudi, alizeeka akiwa Msondo, na alipostaafu mwaka 2013 alikuwa mzee wa wote, wa bendi zote. Marehemu Shaaban Dede alipita Msondo, Bima Lee na Sikinde, na kila mahali kulikuwa na kiti chake akirudi. Mtu hawezi kurudi mara mbili tatu mahali alipotoka kwa kuzima simu.

Kwa hiyo ukipata bendi nyingine, mwambie kiongozi wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu. Taja tarehe. Maliza kazi zote zilizokwishakubaliwa, hasa harusi, maana harusi haiahirishwi. Rudisha sare, ikiwa imefuliwa. Rudisha waya, rudisha nyuzi za bendi. Anayekuja kukaa mahali pako muonyeshe nyimbo, hata mazoezi mawili tu, aingie akijua mnapokata na mnapoingia. Usiondoke na mpiga drums. Kama unataka kuondoka naye, subirini mmoja aondoke, mwingine baada ya miezi, muachieni mwenzenu pumzi. Na usiseme vibaya bendi uliyotoka, angalau siyo Mikumi, kule ukiongea stendi jioni, asubuhi Kilosa wameshajua.

Wa Kidatu na Ifakara, nina swali kwenu, nimesikia huko hela ya kutunzwa mna utaratibu wenu tofauti kabisa na mpiga tumba anapewa fungu la kwanza. Ni kweli? Andikeni hapo chini.